Kulipa ili uombe

Wadau, hebu tuliangalie hili. Kule Marekani kuna miji midogo inayoishi kwa watalii, ya fukweni na ya milimani, ambayo hulipa washawishi jijini Washington kwa kazi moja tu: kuhakikisha mji haukosi fungu la serikali kuu. Hawa jamaa wanajua mlango upi ugongwe, fomu ipi ijazwe, na lini.

Eti halmashauri inatumia kodi ya wananchi kwenda kuomba kodi ya wananchi! Inachekesha, lakini ukipiga hesabu unawaelewa. Chukua Ocean City, Maryland, upate picha ya miji yenyewe. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wakazi hawafiki 7,000, ila kiangazi mji unafurika mamia ya maelfu ya wageni. Bahari ikila ufukwe, biashara ya hoteli imekwenda na maji. Kwa kawaida serikali kuu inaweza kubeba asilimia 65 ya gharama za kuanzisha mradi wa kurudisha mchanga, na asilimia 50 kwa kuongeza mchanga miaka inayofuata. Lakini mradi lazima upitishwe na Bunge, halafu fedha zitafutwe tena bajeti hadi bajeti. Usipokuwa na mtu wa kufuatilia, unasahaulika.

Na kufuatilia kunalipa. Mji wa Wasilla, Alaska, si wa ufukweni, ila habari zake zilivuma mwaka 2008, meya wake wa zamani Sarah Palin alipogombea umakamu wa rais. Enzi zake mji ulikodi kampuni ya ushawishi, na mji huo wa watu wasiofika 7,000 ukavuna takriban dola milioni 27. Meya gani ataona hivyo akae kimya?

Kwa hiyo mimi siwalaumu mameya. Tatizo langu ni mlango wenyewe. Tangu mwaka 1989 sheria inakataza anayepokea fedha za serikali kuu kuzitumia kumlipa mshawishi ili apate nyingine. Sheria nzuri, sivyo? Sasa angalia upande wa pili: mshawishi lazima alipwe kwa mfuko wa mji wenyewe. Mji wenye kodi ya vyumba vya hoteli na nyumba za kifahari unao huo mfuko. Kijiji cha wachimba makaa ya mawe ambacho mgodi umefungwa, mabomba ya maji yameoza, kitatoa wapi? Mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama, na hapa kisu kinauzwa.

Mwaka 2011 Bunge lao lilisimamisha utaratibu wa wabunge kutenga mafungu kwa miradi wanayoitaja wenyewe. Mwaka 2021 ukarudi na masharti: mbunge atangaze maombi yake hadharani na athibitishe kwamba hana maslahi humo. Uwazi ni jambo jema, lakini unatuonyesha walioomba tu. Walioshindwa hata kuomba hatuwaoni. Tena mwaka huo kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi aliruhusiwa maombi yasiyozidi 10. Nafasi zikiwa chache, anayejua njia ndiye anayetangulia.

Wengine watasema dawa ni kuwapiga marufuku washawishi. Sikubali. Mji una haki ya kujisemea. Dawa ni serikali yenyewe kuwapa maeneo maskini wataalamu wa kuwaandalia maombi bila malipo, na kupima maombi kwa shida iliyopo, si kwa uzuri wa karatasi.

Na tusiwacheke sana Wamarekani. Hata huku kwetu, anayeweza kumlipa mtaalamu amwandikie andiko la mradi humtangulia mwenye shida asiyejua kuandika. Fedha ni za umma. Iweje njia ya kuzifikia iwe ya kununua?

Mnasemaje?