Daftari Bila Mtunzaji

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyotufunza wazee wetu, nasi walimu tukaifanya methali hiyo sheria ya kazi. Lakini wazee hawakutuambia jambo moja: daftari lenyewe likipotea, habari tutaipata kwa nani? Swali hilo ndilo linalonishikisha kalamu leo, na sikusudii kuliuliza kwa upole, maana madhara ya upole nimeyaona.

Miaka michache baada ya kustaafu ukuu wa chuo cha ualimu, alinijia nyumbani mama mmoja wa makamo, mwalimu, aliyewahi kuwa mwanachuo wangu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na kabla chai haijapoa akanieleza shida yake. Nyumba yake iliungua na cheti chake kikaungulia humo. Alikuwa akifuatilia haki zake za kazi, akatakiwa alete uthibitisho wa chuo kuhusu mwaka aliojiunga na mazoezi ya kufundisha aliyoyafanya. Chuoni wakamjibu kwamba kumbukumbu za miaka ile zilikuwa kwenye mashine, na mashine imekufa.

Mashine hiyo naijua. Niliipokea mimi.

Ni kisanduku kidogo, hakizidi tofali kwa ukubwa, hakina kioo wala kibodi, na ndani yake mna diski mbili. Huunganishwa kwa waya na ruta, na kompyuta zote za ofisi zikaweka na kuchukua mafaili humo. Mafundi hukiita NAS. Kijana aliyetufungia alikiwasha, akakipa jina, akafungua folda tatu, ya taaluma, ya utawala na ya uhasibu, akaweka neno la siri, kisha akakusanya vifaa vyake. Kazi yote ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Tukapiga makofi. Nikasimama nikatangaza kwamba tangu siku hiyo kumbukumbu za chuo zi salama, kwa kuwa diski moja ikiharibika nyingine itabaki. Nilisema jambo nisilolijua, tena nililisema kwa sauti ya mkuu wa chuo.

Sasa nimelijua, nami nitalieleza. Utaratibu wa kutumia diski kadhaa kwa pamoja ulipewa jina la RAID na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988. Kwa namna tuliyoitumia sisi, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili, mithili ya kioo. Faida yake ni ya kweli: diski moja ikifa, kazi haisimami. Lakini kioo ni kioo. Ukijipaka masizi, hakikuonyeshi uso wako wa jana. Karani akifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili. Radi ikipiga, imepiga zote mbili. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Kwa hiyo diski mbili ndani ya kisanduku kimoja si nakala mbili. Ni nakala moja yenye miguu miwili.

Chetu kilikufaje? Nilisimuliwa na karani wa zamani. Diski moja iliharibika, kisanduku kikawasha taa nyekundu na kuanza kulia. Mlio ukawakera waliokuwa wakichapa mitihani, mtu akaingia kwenye mipangilio akauzima. Tahadhari za barua pepe zilikuwa zikienda kwenye anwani ya yule kijana fundi, ambaye alikwisha kuhamia mji mwingine. Kisanduku kikatembea kwa mguu mmoja miezi mingi, hatimaye nao ukavunjika. Na vile vitabu vya karatasi ambavyo vingetuokoa? Vilikuwa stoo, chini ya paa linalovuja. Nani ahangaike na karatasi ilhali mashine ipo?

Msomaji atauliza: mkuu wa chuo alikuwa wapi? Nilikuwa nimekwisha kuondoka, lakini kosa nililiacha mezani. Siku ya kukabidhi ofisi niliandika kila kitu katika hati ya makabidhiano: viti, vitanda, magodoro, funguo, hata ng'ombe wawili wa mradi. Kisanduku nilikiandika kwa mstari mmoja, "mashine ya kuhifadhia, 1, nzima." Sikuandika ni nani mtunzaji wake, wala neno lake la siri lilikabidhiwa nani, wala tahadhari zake zinakwenda wapi. Nilikabidhi ng'ombe kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyokabidhi maisha ya kazi ya mamia ya walimu.

Nikiyasema haya mbele ya wakuu wenzangu, hujibiwa kwa hoja tatu, na zote tatu nazikataa.

Ya kwanza: hiyo ni kazi ya fundi. Sivyo. Fundi hujenga nyumba, halali ndani yake. Kukifunga kisanduku ni kazi ya asubuhi moja. Kukitunza ni kazi ya kila wiki, ya mtu mwenye jina, anayetazama taa, anayesoma tahadhari, anayeweka masahihisho ya programu yanapotolewa, na asiyekiacha wazi kwenye intaneti. Mwezi Aprili mwaka 2021, wahalifu wa programu iitwayo Qlocker waliviingia vifaa vya QNAP vya namna hii vilivyokuwa vinafikika kwa intaneti, wakayafunga mafaili kwa neno la siri na kudai malipo.

Ya pili: hakuna fedha. Tupige hesabu. Chuo chenye wanachuo 300 kwa mwaka, kurasa mbili kwa kila mmoja, kwa miaka 30, kina kurasa 18,000. Kila ukurasa ukipigwa picha ya megabaiti moja, jumla ni gigabaiti 18. Hata diski ya nje iliyo ndogo kabisa madukani huzibeba zote na nafasi ikabaki. Diski mbili za namna hiyo, moja ikae kabatini kwa mkuu na nyingine nje kabisa ya chuo, gharama yake haifikii ile ya mahafali moja. Kilichokosekana si fedha.

Ya tatu: tutaweka kwenye wingu. Wekeni, lakini mjue wingu nalo ni kompyuta iliyo katika jengo la mtu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine.

Wala tusidhani uzembe huu ni wa masikini tu. Mwaka 1998 watengenezaji wa filamu ya Toy Story 2, kampuni ya Pixar, walifuta kwa amri moja ya kompyuta sehemu kubwa ya kazi yao. Walipoigeukia akiba yao, wakakuta haifai; ilikuwa imeharibika bila mtu kujua, kwa sababu hakuna aliyeijaribu. Waliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi wao aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Lau mama yule asingejifungua, sijui wangesema nini.

Kwa hiyo kila mkuu wa shule, wa chuo, wa zahanati au wa ushirika namwuliza maswali matatu. Mtunzaji wa kumbukumbu zako ni nani, kwa jina? Nakala nyingine iko wapi, nje ya jengo hili? Na lini mara ya mwisho mlichukua faili kutoka kwenye nakala hiyo, mkalifungua, mkalisoma? Akishindwa swali moja tu, huyo hana kumbukumbu. Ana kisanduku.

Yule mama nilimwandikia barua. Nilieleza kwamba nilimfundisha, kwamba nilikaa nyuma ya darasa nikamtazama akifundisha hesabu za sehemu, na kwamba alifundisha vizuri. Mwaka niliutaja kwa kukumbuka. Aliisoma, akaikunja polepole, akaniuliza, "Mwalimu, una hakika ni mwaka huo?"

Nilimjibu kwamba ninayo hakika. Sikuwa nayo. Kichwa cha mzee nacho ni diski moja, isiyo na nakala.