Karatasi ya Kukataa Bima Tusiitie Sahihi

Ndugu wafanyakazi wa mashule,

Twawaandikia ninyi wapishi, walinzi, makarani, madereva, matroni, watunza bustani, pamoja na walimu walioandikwa na Bodi za shule. Habari yenyewe ni ya karatasi. Katika shule nyingine imepigwa chapa, katika nyingine imeandikwa kwa mkono, na kwingine haipo kabisa ila ni neno la mdomo tu ofisini. Maana yake ni ile ile: "Mimi fulani sitaki kukatwa pesa za bima ya afya, nitajitibu mwenyewe." Chini pana nafasi ya sahihi au ya dole gumba.

Twasema wazi kwamba karatasi hiyo haina nguvu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 haikumwachia mfanyakazi wala tajiri wake nafasi ya kuchagua. Kila mkaaji wa Kenya atakiwa kuandikishwa, na kila mwenye mshahara atakiwa kukatwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA iliposhika mahali pa NHIF, ni lazima tajiri akate shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara wote, zisipungue shilingi 300 kwa mwezi, na kuzipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Sahihi yako haimfungui tajiri katika wajibu huo, hata ukiitia mara kumi.

Sasa twauliza swali. Pesa za SHA zatoka katika mshahara wa mfanyakazi peke yake, tajiri haongezi hata senti. Mbona basi ahangaike kutafuta sahihi zetu?

Jibu ni hili. Jina lako likiingia katika orodha ya SHA, ni vigumu kulificha mahali pengine. Katika NSSF tajiri hutakiwa kuweka sawa na anachoweka mfanyakazi. Katika ushuru wa nyumba mfanyakazi hukatwa shilingi 1.50 kwa kila 100, na tajiri naye hutoa 1.50 yake. Tena mtu anayekatwa bima kila mwezi ana ushahidi mkononi kwamba yeye si kibarua wa leo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mpishi aliyewapikia wanafunzi uji kwa miaka sita, ataitwaje kibarua? Na mshahara wake ukiandikwa, utawekwa kando ya kima cha chini cha serikali, na kila mtu ataona. Hiyo ndiyo gharama anayoikimbia tajiri. Bima ni mlango tu. Yaliyomo ndani ya nyumba ndiyo asiyotaka yaonekane.

Wengine hutujia kwa sauti ya huruma. "Mshahara wenu ni mdogo, mwakatwa mno." Na tupige hesabu. Chini ya viwango vya NHIF vilivyoanza mwaka 2015, mwenye shilingi 12,000 alikatwa 500. Sasa hukatwa 330. Mwenye 15,000 alikatwa 600. Sasa hukatwa 412.50. Aliyepandishiwa sana ni mkubwa, kwa maana NHIF ilikoma shilingi 1,700 hata mshahara uwe mlima, lakini SHA haina kikomo: mwenye 200,000 hutoa 5,500. Kwa upande wetu aliyeumia ni yule wa chini ya shilingi 6,000, aliyekuwa akitoa 150 na sasa atoa 300. Lakini mtu huyo ameumizwa kwanza na mshahara wenyewe, na huruma ya kweli ingeanzia hapo.

Wengine husema, "Nenda ukajiandikishe mwenyewe kama watu wa biashara ndogo." Mtu asiye na mshahara hutozwa ya mwaka mzima mbele, isiyopungua shilingi 3,600. Mlinzi wa usiku atazitoa wapi kwa mara moja, mwezi wa Januari, watoto wakingoja karo na sare?

Tena wako wenzetu wasemao kwamba SHA ina taabu: kompyuta hazifanyi kazi, dawa hununuliwa nje, hospitali zalia kuwa hazijalipwa na nyingine zimewahi kuwarudisha wagonjwa. Hatukatai. Mambo hayo ni ya kweli, na Chama lazima kiyapigie kelele bila kuchoka. Lakini mwenye haki ya kulalamika ni yule aliyetoa chake. Aliye nje ya mlango hana risiti wala sauti. Na ugonjwa haungoji SHA itengenezwe. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, mke wa mlinzi akizaa kwa kupasuliwa, bima hulipa shilingi 30,000. Yule mwenye kukatwa 330 kwa mwezi, kama angeziweka chini ya godoro, angengoja zaidi ya miaka saba na nusu ndipo azipate. Mgonjwa haulizwi uji, na mama mwenye uchungu haambiwi angoje miaka saba.

Katika uwanja huo huo wa shule yuko mwalimu wa TSC, mwenye mpango wa matibabu kupitia kwa mwajiri wake. Hatumwonei kijicho, ni ndugu yetu. Twauliza tu, kwa nini yule anayempikia chai aletewe karatasi ya kukataa?

Na lipo ovu kubwa kuliko karatasi hiyo, nalo ni tajiri anayekata asipeleke. Mfanyakazi huona makato katika karatasi ya mshahara, hujiona salama, kisha huaibika mbele ya dirisha la hospitali na mtoto mgongoni. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira chaagiza pesa zilizokatwa zipelekwe zinakotakiwa. Kuzizuia si kuchelewa wala si usahaulifu. Ni kula jasho la mtu.

Basi, ndugu, tufanye hivi:

1. Asitie sahihi mtu yeyote. Aliyekwisha kutia asiogope; aandike barua kuifuta, abaki na nakala.

2. Kila mmoja apige *147# kwa simu yake, ajiandikishe pamoja na mwenzi wake na watoto, kisha achungue kama malipo yake yako hai.

3. Kila mwezi tudai karatasi ya mshahara yenye makato yote. Kifungu cha 20 chatupa haki hiyo.

4. Asiyeona malipo yake amwarifu mjumbe wa Chama, na wajumbe waende kwa mwalimu mkuu na Bodi kwa pamoja. Mtu mmoja akienda hufukuzwa. Jiko zima likienda husikizwa.

Mshahara wetu ni mdogo, na kuupigania tutaupigania. Lakini haki iliyokwisha kuandikwa katika sheria tusiiuze kwa wino wa bure.

Umoja ni nguvu.