Dawa ya nyoka iwekwe karibu na anayeumwa

Wahenga walituachia usemi kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikitazama hali ya zahanati nyingi za mashambani, naona kwamba usemi huo haujawafikia wakuu wetu wa afya. Wananchi wao huumwa mwaka baada ya mwaka, nao hawashtuki.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sumu ya nyoka, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Mwaka wa 2017 shirika hilo liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa ya nchi za joto, na mwaka wa 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Hapa kwetu anayeumwa ni mkulima wa Kitui apaliliaye miguu mitupu, mchungaji wa Baringo, mama wa Kilifi aokotaye kuni, na mtoto alalaye sakafuni. Ni watu ambao sauti zao hazifiki mbali.

Sumu zenyewe hazifanani. Kifutu akiuma, mguu huvimba, hutoka malengelenge na nyama huoza. Swila hutema sumu machoni, na akiuma naye huozesha nyama. Koboko hupooza misuli: kope hulegea, ulimi huwa mzito, kisha pumzi hukatika, pengine katika saa chache tu.

Dawa ipo, na imejulikana tangu miaka ya 1890. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi damu yake ijifunze kupambana nayo, kisha kinga hiyo hutolewa na kusafishwa kuwa dawa ya binadamu. Lakini dawa hii huzima sumu. Haifufui nyama iliyokwisha kufa. Kwa hiyo kila saa inayopotea njiani ina gharama yake. Tena dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa Bara Hindi si tegemeo kwa nyoka wa Kenya.

Wako wasemao kwamba watu wa mashambani hufa kwa ujinga, kwa kuwa hukimbilia waganga. Mimi sikubaliani nao. Ni kweli kwamba kuchanja kidonda hakutoi sumu, jiwe jeusi haliinyonyi, na kamba iliyokazwa huweza kuua mguu ambao ungepona. Hata hivyo, mtu mwenye uchungu huenda kwenye mlango ulio wazi. Akijua kwamba zahanati haina dawa, kwa nini apoteze nauli? Kwa kuwa haendi, jina lake haliandikwi kitabuni. Kwa kuwa haliandikwi, mwenye kuagiza dawa huona kwamba hapana haja ya kuagiza. Hilo ndilo duara linaloua watu wetu, na si mganga aliyelianzisha.

Soko nalo haliwezi kulivunja. Kampuni ya Ufaransa, Sanofi Pasteur, iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa sana barani Afrika, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda wake mwaka wa 2016. Biashara hufuata faida, na mchungaji maskini hana faida ya kutoa. Penye upungufu wa namna hiyo ndipo serikali hupaswa kusimama.

Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Nazisihi kaunti zenye nyoka wengi zifanye mambo matatu. Kwanza, kila aliyeumwa aandikwe, hata yule aliyetibiwa nyumbani. Pili, zinunue dawa iliyothibitishwa kuwafaa nyoka wetu, na kuiweka katika vituo vya afya vilivyo karibu na wanaoumwa, si katika hospitali kuu pekee. Tatu, wauguzi wafunzwe kuitumia, kwa kuwa huweza kumdhuru mgonjwa ghafla na sharti adrenalini iwe karibu. Wafunzwe pia kwamba mtoto hupewa kipimo kile kile cha mtu mzima, maana nyoka hampunguzii mtoto sumu.

Nawe msomaji, usingoje kaunti ndipo ujifunze. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, na kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi. Kisha akimbizwe hospitalini kwa chombo chochote kilichopo, hata kama ni bodaboda, na aliyempakia amshikilie vema.

Bajeti za kaunti husomwa kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Safari ijayo wakiitwa ukumbini, nawaomba wa mashambani waulize swali moja tu: zahanati yetu ina chupa ngapi za dawa ya nyoka? Mkuu asiyeweza kulijibu na arudi akahesabu.