CEO wa Bando za Kukopa

Wasee, tuambiane ukweli. Mtandaoni kila mtu ni CEO. Hata mimi nilijiita hivyo, nikiwa na simu moja na bando za kukopa.

Sasa cheki Luc Van den hove. Mwaka 1984 aliingia imec, kituo cha utafiti wa chipu kule Leuven, Ubelgiji, akiwa mtafiti tu. Ukurugenzi mkuu aliupata 2009. Miaka 25, nyumba ileile!

Mtasema huko serikali iliweka pesa. Kweli, iliweka. Lakini hata tukijengewa maabara kesho, nani kati yetu atakubali kukaa humo miaka 10 akikosea na kurudia, bila hata laiki moja?

Mimi hilo jina nimelifuta. Wewe unangoja nini?