Gemu kuukuu, rimoti mpya: Mwenye banda Sepuka asikurupuke

Alizeti ikishauzwa, fedha hutafuta pa kwenda. Ndivyo ilivyo katika kata ya Sepuka, wilayani Ikungi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya mkoa wa Singida. Mkulima aliyebakiwa na ziada baada ya kulipa vibarua na madeni ya mbegu ana njia chache za kuizungusha. Anaweza kuongeza kuku, kununua vitunguu na kungoja bei ipande, kufungua genge, au kuweka runinga na mashine ya gemu katika chumba kimoja na kuwatoza vijana kwa mechi. Njia hii ya mwisho huwavutia wafanyabiashara wadogo kwa sababu bidhaa yake haiozi, haibunguliwi na wala haifi kwa kideri.

Hapo ndipo mchuuzi wa vifaa vya mitumba anapompata mteja. Pamoja na PlayStation 2 zilizozoeleka, mwekezaji anaweza kuonyeshwa Wii iliyotumika Ulaya, Marekani au Japani, pamoja na gemu za zamani zilizotolewa upya ili zichezwe kwa kutikisa mkono badala ya kubonyeza vitufe. Ataambiwa kwamba hicho ni kitu kipya ambacho jirani hana. Swali la kibiashara ni moja tu: je, kinalipa? Kwa banda la kata kama Sepuka, hesabu inasema hapana.

Biashara iliyomlipa Nintendo

Ni vema kwanza kuelewa kwa nini gemu hizo zilitolewa upya. Kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza mashine yake ya GameCube, iliyotoka mwaka 2001, kiasi cha milioni 21.7 tu duniani kote. Wii iliyofuata mwaka 2006, ambayo mchezaji huielekeza na kuitikisa rimoti yake, iliuzwa zaidi ya milioni 101. Kwa maneno mengine, mamilioni ya wenye Wii hawakuwahi kuzigusa gemu nzuri za GameCube. Kwa kampuni, hiyo ilikuwa shehena iliyokwishagharimiwa, ikingoja soko.

Nintendo haikuchelewa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2008 ilitoa mfululizo ulioitwa New Play Control!, ambamo Pikmin, Donkey Kong Jungle Beat na Mario Power Tennis zilirudi sokoni zikiwa na vidhibiti vya mwendo. Mwaka 2009 ikatoa Metroid Prime Trilogy, gemu tatu katika diski moja, mbili kati yake zikiwa za GameCube. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kampuni ya Capcom ilikuwa imeirudisha Resident Evil 4 ya mwaka 2005 kwa njia hiyo hiyo. Nchini Marekani bidhaa hizi nyingi ziliuzwa kwa kiasi cha dola 30, wakati gemu mpya ya Wii ilikuwa dola 50.

Hiyo ilikuwa biashara safi kwa mwenye mali. Gharama kubwa ya kutengeneza gemu ilikuwa imelipwa miaka mingi nyuma, na nyumba za wateja zilikuwa zimekwishanunua mashine. Kilichobaki ni kubadili namna ya kucheza na kuchapa diski. Lakini faida hiyo ilikuwa ya mwenye hakimiliki. Mwenye banda hauzi diski, anauza dakika. Kinachomtajirisha mmoja si lazima kimlishe mwingine.

Banda linauza ushindani

Kosa la kwanza la mwekezaji ni kudhani kwamba kijana analipia gemu. Kijana analipia kumfunga mwenzake mbele ya watu. Mechi ya mpira wa miguu huchezwa na wawili, ina muda unaojulikana, na aliyeshindwa humpisha anayengoja zamu. Mechi ya dakika 10 humpa mwenye banda mechi 6 kwa saa kwa kila mashine, bila kuhesabu muda wa kubadilishana. Watazamaji waliosimama nyuma ndio wateja wa saa inayofuata.

Sasa zitazamwe zile gemu zilizotolewa upya. Pikmin ya kwanza huchezwa na mtu mmoja. Donkey Kong Jungle Beat ni ya mtu mmoja. Resident Evil 4 ni ya mtu mmoja, na humchukua mchezaji saa nyingi kuimaliza. Mario Power Tennis ndiyo hasa inayofaa ushindani. Mtu anayetembea peke yake katika msitu wa kufikirika kwa saa zima amekalia kiti cha wateja wengi. Mwenye Wii sebuleni kwake huona raha. Mwenye banda huona foleni ikiyeyuka kuelekea kwa jirani.

Kosa la pili liko katika chumba chenyewe. Rimoti ya Wii hutambua mahali inapoelekezwa kwa kusoma miale isiyoonekana itokayo kwenye kijiti kinachowekwa juu au chini ya runinga. Jua kali likiingia mlangoni huivuruga. Banda lenye mlango wazi mchana wa Singida si sebule yenye mapazia. Aidha, mchezaji huhitaji nafasi ya kurusha mkono. Desemba 2006, wiki chache tu baada ya mashine hiyo kuingia sokoni, Nintendo ililazimika kutangaza kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2 kwa sababu rimoti zilikuwa zikichomoka mikononi mwa wachezaji. Runinga ikipasuliwa Sepuka, hakuna kampuni itakayoleta nyingine.

Kosa la tatu ni la vifaa. Rimoti moja hula betri mbili ndogo, nazo ni gharama ya kila wiki ambayo pedi ya waya haina. Wii ya Japani haisomi diski ya Ulaya, wala ya Ulaya haisomi ya Marekani. Zaidi ya hayo, kifaa cha umeme cha Wii ya Marekani kimetengenezwa kwa volti 120 na cha Japani kwa volti 100, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Anayechomeka bila kuuliza hununua mashine asubuhi na kuizika jioni. Utengenezaji wa Wii ulikoma miaka mingi iliyopita, na duka lake la mtandaoni lilifungwa Januari 2019. Vipuri vilivyopo ni vya kukuta.

Kipya kinachofaa

Wapo watakaosema kwamba mkono wa kutikisa huleta wateja wapya, hata wale wasiojua vitufe. Hoja hiyo ina ukweli. Ndiyo iliyoiuza Wii kwa familia duniani kote. Lakini hata watengenezaji hawakudumu nayo. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect, kifaa chake cha kucheza kwa mwili, mwaka 2017. Nintendo yenyewe ilipoirudisha Skyward Sword mwaka 2021, gemu ambayo mwaka 2011 haikuchezeka bila kutikisa rimoti, iliongeza njia ya kuicheza kwa vitufe. Mteja ndiye aliyeirudisha kampuni kwenye vitufe.

Historia ya mabanda ya video nchini inatoa somo bora zaidi. Filamu za kigeni zilizokuwa zimezeeka zilipata maisha ya pili pale wasimuliaji, akiwamo Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walipozisimulia kwa Kiswahili. Kilichoongezwa juu ya kikuukuu kiliondoa kikwazo cha mteja aliyekuwapo, yaani lugha. Kipimo hicho ndicho kinachofaa leo. Kwa kijana wa Sepuka pedi si kikwazo, kwani vidole vyake vimeizoea. Kikwazo chake ni kwamba gemu za mwisho za mpira kwa PlayStation 2, FIFA 14 na PES 2014, zilitoka mwaka 2013, na wachezaji waliomo wengi wamekwishastaafu.

Wako wanaolitatua hilo kwa diski za kuchoma zenye majina mapya. Mwekezaji ajue kwamba kunakili bila idhini kunagongana na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na mtaji uliojengwa juu ya diski za namna hiyo unaweza kuchukuliwa siku moja. Njia salama zaidi ni kukusanya faida taratibu na kuhamia kwenye mashine ya kizazi cha karibuni yenye gemu halali, hata kama ni moja badala ya mbili.

Ushauri kwa mwenye ziada ya alizeti msimu huu basi ni huu. Abaki na mchezo wa wawili na pedi za waya. Fedha ya Wii aitumie kununua pedi za akiba, kifaa cha kulinda umeme na viti vya watazamaji. Akiona sikukuu inakuja na familia zinataka burudani, akodi mashine ya kutikisa kwa siku mbili badala ya kuinunua, na aijaribu kwanza mbele ya mwenyewe. Kisha aandike mapato ya kila mashine kila jioni, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya miezi mitatu daftari litamwambia kama kipya kile kilikuwa mtaji au kilikuwa kinyemi tu.