Waliobaki Nje ya Mazingaombwe

Sisi tuliosoma shule za msingi nchini Tanzania katika miaka ya 1990 tunazikumbuka siku za mazingaombwe. Wasanii walizunguka shule hadi shule. Madirisha ya darasa yakafungwa, kiingilio kikatozwa mlangoni. Ndani, vijana wa sarakasi walipandana mabegani, naye bwana wa mazingaombwe akavuta kinywani mwake utepe usiokwisha. Wenzetu waliokosa kiingilio walibaki nje, wakisikiliza vicheko vyetu. Leo nao ni wazazi, na wangali wanaisimulia siku hiyo. Basi shule au madrasa inapoandaa ziara ya watoto, tumuulize ustadhi mapema ni nani hajalipa, tumlipie kwa siri, mtoto asijue wala asisimangwe.