Kizuri Chajiuza? Miswada ya Lamu katika Maktaba za Kidijitali

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza. Maktaba nyingi za vyuo vikuu zimeiamini methali hiyo kupita kiasi. Miswada hupigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti, kisha wasomaji husubiriwa waje wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huhesabiwa waliotembelea tovuti na kurasa zilizopakuliwa, na hesabu hiyo ndiyo huitwa tathmini.

Hesabu hiyo haisemi ni nani hakufika. Tuchukue mfano wa Ndau, kisiwa cha Watikuu katika visiwa vya Lamu. Jirani yake ni Pate, alikozaliwa Mwana Kupona na ulikotungwa Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Miswada mingi ya eneo hili, ikiwemo iliyonakiliwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, imehifadhiwa SOAS, London. Hata hivyo, orodha zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Ndau akitafuta utenzi kwa maneno ya lahaja yake, huenda akarudi mikono mitupu ilhali mswada upo.

Hasara haiko kwa mwalimu huyo peke yake. Waandishi wa kale walipotumia hati za Kiarabu, mara nyingi herufi moja ilibeba sauti za b, p na hata mb. Neno moja laweza kusomwa kwa njia tatu, na mwamuzi ni yule aijuaye lahaja. Wazee wenye ujuzi huo wanazidi kupungua. Picha iliyoko London haiwezi kuwarithi.

Wapo watakaodai kuwa kikwazo ni fedha na intaneti. Dai hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 lilizizima huduma nyingi za Maktaba ya Uingereza kwa miezi kadhaa, licha ya uwezo wake. Nakala iliyochapishwa na kuwekwa katika shule au madrasa ya Ndau isingeguswa.

Hapa ndipo penye wajibu wa idara za Kiswahili. Wanafunzi wake waandike maelezo ya miswada kwa Kiswahili, pamoja na majina ya tenzi kwa lahaja mbalimbali, kisha wazipeleke nakala visiwani. Nazo maktaba, katika tathmini zao, zihesabu pia usomaji uliosahihishwa na wenye lugha. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.